Siku Nilipoubembeleza Mpira Ofisini

Wenzangu, nimeaibika, na hadi leo naona haya kupita koridoni.

Mimi ni karani wa ofisi moja ya ardhi hapa Tabora, nimehamishiwa kutoka Morogoro. Kule nilicheza gofu na baba kila Jumamosi. Yeye alisimama karibu na shimo, akiubembeleza mpira wangu na kuuita "mama". Sasa macho yake yanafifia. Nimemwahidi mchezo mmoja likizo ya Pasaka, kabla hajashindwa kuuona mpira ukitumbukia. Lakini mimi nikifika karibu na shimo, nalikosa kila mara, kwa upana wa kidole tu.

Basi saa ya chakula nafanya mazoezi ofisini. Nalaza kikombe karibu na mlango, nainamisha kichwa, naugusa mpira taratibu. Baba alinikataza kuinua kichwa kabla sijausikia mpira ukigonga ndani. Jumatatu nilimkumbuka mno, nikajikuta naongea kama yeye.

"Ingia, mama, ingia," niliubembeleza. "Usiogope. Njoo umenyooka."

Nilibaki nimeinama, nikisubiri ugonge kikombe.

"Usipinde, mama! Polepole!"

Kicheko kikapasuka koridoni. Niliinua kichwa. Mlangoni alisimama bibi mmoja aliyetoka Sikonge kufuatilia hati ya shamba lake, mikono ameibana mbavuni, mpira umegota kwenye kandambili yake. Nyuma yake, mkuu wetu wa ofisi alikuwa anajifuta machozi.

"Nimenyooka, mwanangu," bibi aliniambia kwa upole. "Nije mpaka wapi?"