Kikombe cha Mninga Kabatini

Mimi ndiye niliyekiiba kikombe cha mama. Kwa miaka minane nilisema sijui kilipo, na nilisema kwa Kiswahili fasaha, kama mtu aliyesomeshwa.

Kilikuwa kikombe cha mninga. Marehemu baba alikichonga kwa tezo, akakilainisha kwa majani ya msasa. Nyumbani Kitaya kilikaa juu ya kifuniko cha mtungi, kimelowa kutwa kucha. Wageni walipewa bilauri. Mama hakunywea kingine. Alikisuuza bila sabuni, akakirudisha mahali pake.

Likizo moja nilikitia mkobani. Nilijiambia nakiokoa. Wakati huo nilikuwa naandika makala kuhusu kutunza vitu vya asili, na mwandishi wa makala ya namna hiyo hawezi kuwa na kabati lililojaa vikombe vya plastiki. Kwangu mjini, Rahaleo, nilikipaka vanishi, nikakiweka nyuma ya kioo, mahali linapopiga jua la alasiri. Kikang'aa, wageni wakakisifu. Mwezi wa pili kikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Kumbe yale maji ndiyo yaliyokuwa yamekishikilia. Nikakigeuza, ufa ukatazama ukutani.

Kitaya, lawama zilimwangukia wifi yangu, mke wa kaka, aliyeolewa kutoka Msimbati na anayeishi na mama.

"Huyu wa Msimbati hata mtungi hajui kuulinda," mama alisema, wifi akiwa hapo hapo anachambua mchicha. "Keshakitia jikoni na kuni."

Tangu siku hiyo mama hakupokea maji mkononi mwake. Akisikia kiu aliinuka mwenyewe, na magoti yake yale, mpaka mtungini. Nami kila nikienda likizo nilimshauri, "Mama, msamehe tu." Ndivyo nilivyosema. Msamehe.

Juzi mama alianguka akifuata maji. Nilipopata habari nikapiga simu, wifi akapokea.

"Hajavunjika, ameteguka," alisema. "Ila kuinuka hawezi, na maji yangu bado hayataki. Tangu asubuhi hajanywa."

"Wifi, kikombe kiko kwangu."

"Najua. Nilikiona kabatini nilipofikia kwako kuja kliniki. Nilikitoa, nikauona na ufa. Nikakirudisha vile vile ulivyokiweka."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini, wifi? Msomi ni wewe." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Haya, nampa simu. Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye utangulizi. Mama hakuyangoja. Hakuniuliza kwa nini, wala hakunitukana, na matusi ningeyashukuru. Sauti yake ikaenda mbali na simu.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa akisema nami, "niletee maji. Bilauri yoyote."