Duka Lile Lile, Mwenye Duka Mwingine

Nakumbuka asubuhi moja pale Temeke, mwanangu Rehema, na nimeikumbuka kwa sababu ya ulichonionyesha Jumamosi kwenye kompyuta yako. Ulinionyesha viendelezi, vile vidude mnavyovibandika kwenye kivinjari ili viwarahisishie kazi. Kimoja kinamsomea kwa sauti mtoto mwenye macho mabovu. Kingine kinatafsiri neno la Kiingereza ukiligusa tu, kingine kinaficha matangazo ya kamari wanafunzi wasiyaone. Nilifurahi, sikudanganyi. Sisi tulifundisha kwa chaki na koo. Ukiona vyaelea vimeundwa, na waliounda hivyo wamewafaa walimu.

Lakini ukaniambia jambo jingine, tena ukicheka: kile cha kusoma kwa sauti kimepata mwenyewe mpya, na sasa kinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua. Ulitaka kukubali upesi kwa kuwa darasa lilikuwa linakusubiri. Mie sikucheka.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu mpya, hata kuthibitishwa kazini bado. Mashine ya shule ya kudurufu mitihani ilikuwa mbovu, na biashara huria ilikwisha kutuletea maduka ya fotokopi kila kona. Letu lilikuwa la Mzee Kibwana, kule Tandika. Mzee huyo alikuacha usimame ubavuni mwa mashine mpaka karatasi ya mwisho, na zilizoharibika alikurudishia mkononi. Hakuna mtihani wetu uliowahi kuvuja kwake. Basi nikazoea, na mazoea yana taabu.

Siku hiyo nilibeba mtihani wa hesabu wa kidato cha pili. Kibao cha duka kilikuwa kile kile, na benchi lile lile. Kwenye kaunta alikaa kijana mwenye tai. Aliupokea mtihani kwa heshima zote, akaingia nao chumba cha nyuma, maana mashine sasa ilikuwa huko, nyuma ya pazia. Nikaisikia ikinguruma. Alipochungulia nikamuuliza Mzee yuko wapi.

"Mzee kaniuzia duka, mwalimu. Mwezi sasa. Jina hatujabadilisha, wateja wasije wakapotea."

Kabla sijapata la kusema, umeme ukakatika. Ulikuwa wakati wa mgao. Mashine ikanyamaza, mtihani wangu umo ndani yake. Kijana akaniambia niende zangu nikafundishe, ukirudi umeme ataniletea kila kitu mpaka shuleni, bure. Nikasimama mlangoni sijui niende au nibaki. Kipindi changu kilikuwa kinaanza, na mtihani ule ukivuja, kazi sina. Mara nikasikia mlango wa uani ukigongwa, na sauti ya mwanamume ikauliza taratibu, "Tayari?"

Ndipo akatokea Bi Mwantumu, mwalimu wetu wa taaluma, mtu mzima wa hapa hapa pwani, kanga begani, anahema. Alikuwa ndiyo kwanza amesikia shuleni kwamba duka limeuzwa. Akanipita pale mlangoni kana kwamba hanioni.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba. Fungua mashine."

"Umeme hakuna, mama."

"Kwani kifuniko kinafunguliwa kwa umeme? Fungua, baba. Nipo, nakusubiri."

Tukamfuata nyuma ya pazia, akafungua. Nakala zilizokuwemo zilikuwa nyingi kuliko nilizoagiza. Kijana akasema mashine ile ina tabia ya kuzidisha. Bi Mwantumu hakubishana naye. Alizikusanya zote, hata zilizokunjamana, akazifunga kwenye kanga yake. Yule aliyegonga uani alikwisha kuondoka. Mpaka leo sijui alikuwa nani, wala kama aliondoka na nakala. Kwa sababu hatukujua, mtihani ule ukafutwa.

Njiani nililia. Nikamwambia kwamba siku zote tunakwenda pale, ningejuaje? Akasimama katikati ya njia, akasema kwa ukali ambao sijausahau.

"Tulimwamini Kibwana, mwanangu. Kile kibao chake hatukukiamini hata siku moja. Kibwana kaondoka na uaminifu wake. Huyu aliyekuja, wa kwake umeuona wapi?"

Nilijua yanayonisubiri ofisini. Lakini tulipofika mbele ya mkuu wa shule, sikupewa nafasi ya kufungua kinywa. "Kosa ni la kwangu," Bi Mwantumu akasema. "Duka limepata mwenyewe mpya, mie sikuulizia, na walimu sikuwaambia." Sikufukuzwa. Tukatunga mtihani mwingine, na watoto wakaufanya kwa kuchelewa, wakinung'unika.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi viendelezi vyako. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kabla hujakibandika, soma kinaomba nini. Cha kusoma kwa sauti kina haja gani na ukurasa wa alama za watoto? Kikiomba zaidi ya kazi yake, kiondoe, utafute kingine. Alama na majina ya wanafunzi uyafungulie kwenye kivinjari kitupu, kisicho na kidude chochote, na usichokitumia usikiweke. Na kikipata mwenyewe mpya, kihesabu kama mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Usinyamaze pia. Waambie walimu wenzako, waambie na wanafunzi, maana wao wamekiweka kwenye kompyuta zao kwa kukuiga wewe.

Darasa na lisubiri kidogo, kusubiri hakujamuua mtoto. Mungu akujalie jicho litangulie kidole. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe mkubwa wa kusimama mbele yako na kusema kosa ni la kwake. Ukiwa mkubwa, mwanangu, usiwaache wadogo zako wasimame peke yao. Amina.