Msalaba wa Utepe wa Njano

Kwenye uwanja ule wa vigari vya mbio, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana na Mama Bendera. Kila Jumamosi walikuja madereva thelathini na ushee, na hawakufanana hata kidogo. Wapo waliokata kona macho makavu, na wapo waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki. Kuwaachia wote kwa pamoja ni kutafuta balaa kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo aliwatazama wakati wa mazoezi, kisha akawapanga: wazoefu mbele, wanagenzi nyuma, na katikati pengo. Bendera yake iliwatoa kwanza wa mbele. Wanagenzi walisubiri mpaka wenzao waipite kona, ndipo alipowainulia ya pili. Kila mwanagenzi alibandikwa msalaba wa utepe wa njano kisogoni, juu ya helmeti, ili atakayemkuta njiani amhurumie.

Utepe huo aliubuni mumewe. Enzi hizo aliitwa Umeme, naye ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha. Siku ya kwanza alimbandikia kwa mkono wake, akamtania kwamba hata kobe watampigia honi. Binti wa watu alicheka mpaka akasahau kuogopa, na nadhani hapo ndipo alipompenda.

Sasa umri ulikuwa umemtupa mkono Umeme, na macho nayo yamemsaliti. Nyumbani alimimina chai pembeni ya kikombe, akaisingizia birika. Mkewe akafuta meza. Daktari alishawaambia bila kuficha kwamba macho hayo hayatarudi. Mzee alimsikiliza vizuri tu, na Jumamosi akavaa suti yake ya mbio kama kawaida. Hakuwa na ombi jingine duniani ila nafasi yake ya mstari wa mbele.

Kwenye mazoezi aligonga ukuta wa matairi, akatoka, akaugonga tena, na nusura amparamie msichana aliyezimikiwa na injini pembeni. Mama Bendera aliona yote. Moyo ulimshawishi amweke mbele leo tu, mara ya mwisho, nani atamuuliza? Lakini wale wengine walikuwa watoto wa watu. Alichukua utepe, akamwendea.

"Baba watoto, leo utaanza nyuma."

 Mzee aliinamisha kichwa ili abandikwe, na mkewe akaubandika msalaba ukakaa upande.

Wazoefu walitoka kwa kishindo. Walipoipita kona, Mama Bendera akashika bendera ya pili, na kabla hajaiinua, mkono mmoja ukanyooshwa juu kutoka mstari wa mwisho kabisa. Hapo uwanjani, mkono juu maana yake injini imekufa, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka. Fundi alikimbilia huko, akafika, akasimama kwa mshangao. Injini ya Umeme ilikuwa inanguruma bila tatizo.

Mama Bendera akamfuata mwenyewe. Mumewe alizima injini, akavua helmeti.

"Umepanga vizuri," alisema. "Hata mimi ningefanya hivyo. Ila sikioni kigari kilicho mbele yangu, mama. Nisije nikamuua mtoto wa mtu."

Akanyoosha mkono ashikwe. Mkewe alitamani aitupe bendera, amshike, waende zao. Lakini wanagenzi walikuwa wanamsubiri, na mngurumo wa wazoefu ulishaanza kusikika ukirudi. Akamwachia fundi mkono ule, akarudi mahali pake, akainua bendera huku haoni vizuri naye, kwa machozi.

Jioni, nyumbani, alikaa na ile helmeti mapajani, akaanza kuubandua utepe kwa ukucha. Mumewe alisikia.

"Uache," alisema. "Wanaonikuta njiani wanihurumie."

Mama Bendera akairudisha helmeti juu ya kabati, akaenda jikoni, akakaa chini sakafuni, akalia.