Vitumbua Vilivyosifiwa

Juzi nilimsikia jirani akimwambia mumewe aliyevunja sahani, "Hongera, bwana!" Nikakumbuka alasiri moja huko Barani, uani kwa shangazi.

Dada yangu Zuhura aliunguza vitumbua. Moshi wenye harufu ya hiliki ulijaa ua mzima. Shangazi akashika kiuno. "Mashaallah! Leo tumepata mpishi wa harusi!" Wanawake wakacheka, na Zuhura akainamisha kichwa. Nikadhani anaona haya kwa kusifiwa.

Mimi nilikuwa nimekuna nazi tangu adhuhuri, na hakuna aliyenitupia hata neno. Nikaona wivu. Zuhura alipokwenda kuteka maji, nilikaa mbele ya chuma cha kuchomea vitumbua, nikamimina unga uliobaki, nikaviacha vyangu viungue hadi vikawa vyeusi kuliko vyake. Kisha nikamwita shangazi aje kuviona, nikasimama wima kungoja sifa zangu.

Alivitazama, akanipangusa masizi shavuni. "Si neno, mwanangu," akasema kwa upole. "Wewe bado mdogo."

Sasa najua ni nani kati yetu aliyetendewa wema. Siku ile nililia hadi magharibi, nikimchukia Zuhura kwa sifa alizopata.