Konokono wa Jiwe

Juzi mjukuu wangu Naserian alirudi hapa Kitengela kutoka Mombasa na gamba la jiwe alilookota ufuoni. Nikacheka. Langu nililipata Mashuuru nikiwa mdogo, kwa mchanga wa mto uliokauka.

Siku hizo nilidhani magamba yanatengenezwa dukani kama shanga, maana niliyaona tu kwa mikufu ya akina mama. Nikalipeleka nyumbani nimtafute mwenyewe aliyelipoteza. Shangazi Noonkishu akanishika sikio, mkono wake ukinuka moshi na mafuta ya kondoo.

“Wewe Sintamei! Umeling'oa kwa mkufu wa nyanya yako!”

“Nimeokota, Shangazi!”

“Jiwe gani linajisokota hivi lenyewe? Mwizi!”

Nilichomoka nikakimbia kisimani, nikageuza mawe yenye unyevu, nikarudi na konokono mzima, anatoa povu. Nikamweka kando ya lile jiwe. Mizunguko ilikuwa ile ile.

“Ni huyu,” nikasema. “Alilala sana akawa jiwe.”

Nyanya Nolari, mwenye mkufu, aliinama akavitazama vyote viwili. Kisha akanitemea mate kidogo kichwani, vile tunavyobariki mtoto.

“Noonkishu, huyu hajaiba. Huyu ameona.”

Jioni hiyo Shangazi alinimiminia maziwa kabla ya wanawe.