Bibi Alipokataa Kunikanda

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule kisiwani Chovae, kila tumbo lililouma liliitwa mchango. Umekula makungu mabichi, mchango. Umekunywa maji ya kisima kwa pupa baada ya kushinda juani na mpira wa matambara, mchango. Dawa ilikuwa moja: mkono wa bibi yangu, Mwana Esha, na mafuta ya nazi ya uvuguvugu yaliyonukia karafuu mpaka kesho yake. Wengine tulijitia ugonjwa makusudi ili tukandwe, tukose chuo cha Kurani!

Lakini bibi alikuwa na desturi yake. Kabla hajagusa tumbo la mtoto, humsimamisha mkekani akamwambia, "Ruka." Ukiruka huku unacheka, unalazwa, unakandwa.

Siku moja sikuweza kuruka. Maumivu yalianzia kitovuni yakahamia chini, upande wa kulia. Homa ilikuwa juu, hata maji nikiyatapika. Mama alikwisha kupasha mafuta, na majirani waliojaa chumbani wote wakasema ni mchango. Bibi akalisukuma kando lile bakuli.

"Uyu si mchu wa kukandwa," akasema kwa lahaja ya kwetu. "Mpekeni Kismayu sasa hivi."

Maji yalikuwa yamekupwa na boti ya mashine imetia nanga mbali. Wanaume wakataka tungoje yajae. Sikuwahi kumsikia bibi akipiga kelele, ila siku ile alipiga. Wakanibeba na kitanda cha kamba juu ya miamba, baba mbele, mpaka maji yakawafika kiunoni, wakanipakia botini. Katika hospitali ya Kismayu nilipasuliwa siku ile ile. Daktari alimwambia baba kuwa kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka, na lau tungengoja, huenda wangenizika.

Leo naishi Mombasa, hospitali ni mwendo mfupi wa tuktuk. Lakini mtoto akishika tumbo, vijana wetu kwanza huandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na mashangazi wa kila pembe ya dunia humimina habasoda, tangawizi na picha za maua. Mwaka jana binti yangu alijikunja vile vile. Sikumwandikia mtu. Nilimwambia, "Ruka," akashindwa hata kuinua mguu. Nikambeba, tukatoka kwenda hospitali.

Naye sasa ana kovu kama langu. Bibi amelala Chovae, na kaburi lake sijalizuru miaka mingi, hilo linaniuma. Lakini kila binti yangu anaporuka kamba uani, namwombea bibi rehema.