Niliwaita Askari Wamtishe Tu

Admin, nisitiri jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu, Mzanzibari niliyezeekea Dubai. Moyo wangu umechoka na daktari hanifichi tena. Nataka niseme kabla sijafa.

Mjukuu wangu nimwite Salma. Nilimlea hapa Mirdif baada ya mama yake kufariki. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, akaingia chuo. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoanza kurudi kutoka kwenye sherehe za wenzake akinuka pombe. Nilisema mpaka nikachoka. Asubuhi moja ya Ijumaa rafiki yake, Mkenya nitakayemwita Wanja, alimleta kwa teksi, kusimama hawezi, wanagombana mpaka mlangoni.

"Shosho, mwambie aache hii maneno," Wanja akaniambia. "Siku moja atatuingiza kwa shida." Akaondoka.

Kwetu Unguja, enzi zetu, mtoto akishindikana alipelekwa kituoni. Askari anayewajua wazee humkaripia, humpa ufagio afagie uwanja, jioni anarudi amenyooka. Basi Salma alipolala, nikawapigia polisi. Kwa Kiarabu changu ninachojivunia nikawaeleza kila kitu: umri, dini, pombe.

Walipomchukua kwenda kumpima damu, nilimfuata ofisa hadi garini. "Mwanangu, mtishe tu, umrudishe magharibi."

Akaniangalia kwa huruma. "Hajja, khalas. Hii ni kesi sasa."

Hakurudi. Mahakama ilimtia hatiani kwa kunywa pombe, akafungwa, chuo kikamfuta, kisha, kwa kuwa kuzaliwa hapa hakumpi mtu uraia, akapandishwa ndege kwenda Zanzibar, kwao alikokujua kwa picha tu, na marufuku kukanyaga tena hapa. Leo anaishi kwa jamaa wanaomwita "mlevi wa Dubai" mbele ya wageni.

Na nani aliyewaita polisi? Salma aliamini ni Wanja, kwa ule ugomvi wao wa kwenye teksi. Marafiki wote wakamtenga yule binti. Alinijia analia: "Shosho, naapa si mimi. Wewe ulikuwa hapo, si uwaambie!" Nikamjibu, "Mungu ndiye ajuaye, mwanangu," nikamkaribisha chai. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Kila Ijumaa Salma hunitumia sauti kwenye simu. Ya juzi inasema: "Bibi, wote wamenitupa isipokuwa wewe. Wanja simsamehe mpaka naingia kaburini." Naisikiliza, naizima, naisikiliza tena.

Msinifariji kwamba nilifanya kwa mapenzi. Hilo nimejiambia miaka yote na usingizi haujaja. Nikisema, nitamnyang'anya Salma mtu wa mwisho aliyebaki naye. Nikinyamaza, Wanja ataendelea kubeba langu, na mimi nitazikwa kwa sifa.

Nimerekodi ujumbe wa kumwambia, nikaufuta. Nimerekodi tena, nikaufuta. Nishaurini wanangu, na msichelewe: nimwambie, au nife nikiwa bibi mwema?